Fundi, niuze XL yangu au niiache ioze ukumbini?

Swali limetoka kwa dada mmoja, afisa ugani, ambaye ameomba nisitaje jina lake. Nalifupisha:

"Fundi, shikamoo. Nina pikipiki, Honda XL 125 niliyoinunua mwaka 2012 kwenye mnada wa mradi uliokuwa umefungwa. Kuendesha nilijifunzia kwenye hiyo. Nimezunguka nayo vijiji vya Bahi miaka yote hii na kikasha cha chanjo ya kuku nyuma. Uchungu wa mwanangu wa pili uliponishika usiku, nilipelekwa nayo kituo cha afya, mume wangu akiendesha. Sasa nimehamishiwa Dodoma mjini, familia imebaki Bahi. Kila Ijumaa jioni nashika barabara ya Singida, Jumatatu alfajiri narudi. Kwenye lami XL imenishinda: haikimbii, inatetemeka, na malori yananitisha. Nimeweka akiba ya kununua Honda XR150L, na pengo lililobaki litazibwa nikiiuza hii. Wanunuzi ni wawili. Kuna kijana wa bodaboda anayetoa milioni 1.9 taslimu, hata leo. Na kuna kijana aliyeajiriwa juzi kwenye kata niliyotoka mimi, anatoa milioni 1.5 kwa awamu tatu. Mama anasema usiache mbachao kwa msala upitao. Wenzangu ofisini wanacheka, wanasema ni chuma tu. Mimi kila nikiiosha machozi yananilenga, naona kama namsaliti mtu. Niuze, niache, au nibaki nazo zote mbili, hii niiache ukumbini?"

Marahaba dada, na mbukwa, kama Wagogo wanavyosalimia.

Nianze na hao wenzako wa ofisini, maana naona maneno yao yamekuchanganya kuliko methali ya mama. Chuma hicho wanachokisema mimi nakifungua tangu mwaka 2001, mikono yangu haitakati oili hata siku ya sikukuu, na nakwambia anayesema "ni chuma tu" hajakaa na pikipiki moja ikamzoea. Wewe unajua asubuhi ya Juni, Dodoma ikiwa na ile baridi yake kavu, XL inataka choku nusu na kiki ngapi. Unajua gia ya pili inaingia kwa namna gani bila kelele. Unaisikia petroli inavyokaribia kuisha kabla injini haijakohoa, na mkono unashuka kwenye koki wenyewe, macho yako yakiwa bado barabarani. Hayo hakuna aliyekufundisha. Siku ukiiuza, ujuzi huo haumfuati mnunuzi, na kwenye pikipiki mpya haukusaidii kitu. Unabaki mguuni na sikioni, hauna kazi. Hicho ndicho kinachokuliza unapoiosha, wala hujamsaliti mtu. XL yako, pamoja na heshima zake zote, haijui hata jina lako.

Na mimi yamenikuta. Mwaka 2009 niliuza Yamaha DT 125, zile za mipigo miwili zinazochoma oili pamoja na petroli, moshi wake ukinukia hadi kwenye shati la harusi. Niliiuza kwa dalali, haraka, kwa sababu nilijua nikikaa nayo wiki moja zaidi nitabadili mawazo. Nilimpa kadi, nikasaini karatasi ambayo jina la mnunuzi halijajazwa, nikahesabu fedha, nikaondoka bila kugeuka. Mwaka ulipita na miezi kadhaa. Siku moja nikapigiwa simu na askari wa usalama barabarani: pikipiki yako imemgonga mzee na aliyekuwa anaiendesha amekimbia. Pikipiki yangu? Kwenye kadi jina bado lilikuwa langu. Siku tatu nilizunguka kumtafuta dalali, dalali amtafute aliyemuuzia, aliyeuziwa amtafute aliyemwazima. Mzee alipona, namshukuru Mungu. Lakini pale uani kituoni niliikuta DT yangu imepakwa rangi nyekundu, kava la pembeni hakuna, na nikajikuta naishika kiki kama mtu anayemshika mkono mgonjwa. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu nataka kuinunua tena. Akaniambia basi kalale nayo huko huko kituoni.

Kwa hiyo kuuza kwenyewe sikujutii. Ninachojuta mpaka leo ni nilivyoiuza, na jibu langu karibu lote liko hapo. Nadhani uiuze, dada. Ila milioni 1.9 ya leo hii iache ipite.

Kwanza tuhakikishe sababu yako ya kutaka kubadilisha ni ya kweli. Umesema haikimbii, inatetemeka, na malori yanakutisha. Hayo ni mambo matatu tofauti na hayatibiwi kwa dawa moja. Kutetemeka kwa XL kwenye lami mara nyingi kunatokana na vitu vya bei ndogo: tairi zenye meno makubwa zilizoliwa upande mmoja, spoki zilizolegea, rimu iliyopinda kwenye mawe, bushi za suwingamu, ule mkono unaoshika tairi la nyuma, zilizokwisha. Nimeona watu wakiuza pikipiki kwa sababu ya bushi. Kutokukimbia nako nusu yake ni sproketi, yale magurudumu ya meno yanayovuta cheni. Nyingi za XL zilizotoka kwenye miradi zimefungwa sproketi ya mbele ndogo au ya nyuma kubwa, kwa ajili ya milima na mchanga. Ukiiweka lamini hivyo, injini inapiga kelele kama cherehani na mshale hausogei. Jino moja zaidi mbele linaipumzisha. Haitakuwa ndege, lakini utasikia tofauti.

Malori hayatibiwi kwa sproketi wala bushi. Barabara hiyo inabeba mizigo ya kwenda Rwanda, Burundi na Kongo. Ukishaipita Nala, upepo wa semi likikupita unaisukuma pikipiki nyepesi kuelekea majani, na kama wewe ndiye unayetaka kulipita, injini ya cc 124 haina akiba ya nguvu ya kukutoa pale unapogundua umekosea hesabu. Halafu kuna breki. XL ina breki za ngoma mbele na nyuma. Kwenye vumbi la Chipanga zilitosha, hata nasema zilikuwa nzuri, maana breki kali mbele kwenye mchanga ni mwaliko wa kuanguka. Kwenye lami, Ijumaa, ng'ombe wanakatiza barabara na nyuma yako kuna basi, habari ni nyingine. Taa pia: kama yako bado ina umeme wa volti 6, ninavyoziona nyingi za zamani, unajua mwenyewe kwamba saa moja usiku inamulika tairi lako la mbele na wadudu. Spea za gereji yoyote haziwezi kuyaondoa haya kwa gharama yenye maana. Ungeniambia unataka XR kwa sababu mkuu wako ana mpya na wewe unaona aibu maegeshoni, ningekwambia funga sproketi urudi kazini. Lakini umesema malori, na una watoto Bahi. Sababu hiyo inatosha.

Sasa mama. Methali aliyokupa ni nzuri, naiheshimu, lakini isikilize vizuri inavyosema: msala *upitao*. Ni msala wa kupita, wa kuazima, ambao kesho hauko. Wewe unakwenda kununua kwa risiti na kadi yenye jina lako. Msala huo haupiti popote. Mwambie mama mbacha wako hautupwi, unampa mtu mwingine akae. Nina hakika atauliza "mtu gani?" na hapo ndipo mimi na mama tunapoelewana.

Maana swali zito kwenye barua yako ni la wanunuzi wawili, na nadhani ulilijua jibu kabla hujaandika. Acha nikueleze kwa injini, kwa sababu hapa hisia zako na ufundi vinasema jambo moja.

Honda walianza ukoo wa XL mwaka 1972 na ile ya cc 250, wakati pikipiki nyingi za porini zilikuwa za mipigo miwili kama DT yangu. Wao wakaleta injini ya mipigo minne yenye kamshafti, ule mhimili unaofungua valvu, juu kwenye kichwa cha silinda. Kwenye XL ndogo kama yako, kamshafti hiyo inazunguka moja kwa moja kwenye aluminiamu ya kichwa. Hakuna beringi pale, ni utando wa oili tu unaotenganisha chuma na aluminiamu. Oili ikiwepo na ikiwa safi, itazunguka hivyo mpaka wajukuu. Oili ikishuka, sehemu ya kwanza kukauka ni huko juu, na kichwa kikishalika hakuna kukirudisha kirahisi, ni kutafuta kingine. Injini nzima ina oili kama lita moja tu. Ikipungua robo lita, hiyo ni sehemu kubwa ya damu yake.

Linganisha na Honda CG125 ya mwaka 1976. Wahandisi wao walijua pikipiki itakwenda kwa watu wasiofungua kifuniko cha oili mpaka ilie, wakaiweka kamshafti chini na kutumia fito za kusukuma valvu. Ikawa sugu kweli. Ndiyo maana pikipiki nyingi za Kichina zilizoanzisha bodaboda kwetu, zile ambazo watu wa hapa walizoea kuziita toyo hata kama chapa yake si Toyo, zina injini iliyoigwa kutoka CG. Zinasamehe. XL haisamehi.

Kijana wako wa bodaboda, na namsema bila kumkosea heshima kwa sababu ndio wanaonilisha, atalala saa nne ataamka saa kumi. Siku nyingine pikipiki ataendesha mdogo wake. Oili ataiangalia siku atakapokumbuka. Abiria wawili, gunia la mpunga, kiti kifupi kile. Kwake Boxer au TVS ni bora mara tatu, spea zipo kila kona na hazimfilisi. XL ataiua ndani ya mwaka, na itamfilisi kabla haijafa. Nimeipokea gerejini kwangu pikipiki ya aina hiyo, kichwa kimelika kama muwa, mwenyewe amekaa kwenye tofali anauliza kama laki moja itatosha. Haikutosha. Ukimuuzia huyu unawaumiza wawili.

Yule kijana wa kata atapita njia zile zile ulizopita wewe. Na kwa njia zile, naomba wenye pikipiki mpya wanisamehe, sijaona mbadala uliozidi. Tairi la mbele la inchi 21 linaupanda mchanga wa korongo pale ambapo dogo linazama. Ni nyepesi, akianguka nayo anainyanyua peke yake. Kwenye tope jeusi la mashamba ya mpunga ataisukuma bila kuita kijiji. Pikipiki ile ilitengenezwa kwa kazi aliyonayo huyo kijana. Mjini wewe unaitesa, naye bodaboda ataitesa zaidi.

Laki nne ni fedha, sijifanyi sijui. Kwa mshahara wa serikali ni ada ya mtoto. Lakini ipige hesabu hivi: kijana wa bodaboda anatoa milioni 1.9 *kabla ya fundi*. Akija na fundi wake siku ya kulipa, atasikia kelele ya cheni ya taiming, ataona moshi kidogo asubuhi, na bei itaanza kuteremka mbele yako huku umeshaahidi muuzaji wa XR. Bei ya simu na bei ya mkononi ni ndugu wa mbali. Na huyo wa kata mpandishe kidogo, kwa haki. Mwambie milioni 1.6, na wewe utamtolea pikipiki imeshafanyiwa matengenezo: oili, filta, viatu vya breki, tyubu mbele na nyuma, cheni imekazwa, valvu zimepimwa. Hapo hapo, onyo: usifungue injini ili uuze. Watu wanakuja kwangu wanataka kufanya obaholi kwanza "ipate bei". Fedha ya obaholi hairudi kwenye bei ya kuuzia, hairudi kabisa. Kama inakula oili kidogo, mwambie mnunuzi inakula kiasi gani kwa wiki, basi. Afisa mwenzako atakushukuru zaidi kwa sentensi hiyo kuliko kwa ringi mpya.

Awamu tatu ndizo zinazonipa wasiwasi, na hapa naomba usome taratibu. Desturi yetu ni kwamba muuzaji anabaki na kadi mpaka deni liishe. Inaonekana ni busara. Kumbe kwa miezi mitatu pikipiki iko barabarani na mtu mwingine, na kwa sheria bado ni yako. Ikigonga, wanakuja kwako, kama walivyokuja kwangu. Ushauri wangu ni kutenganisha vitu viwili. Umiliki uhamishwe TRA, mamlaka ya mapato, mara moja, nyote wawili mkiwa na TIN na vitambulisho vya NIDA, mkataba wa mauziano ukiwa umeshuhudiwa na wakili, ada ya uhamisho na ushuru wa stempu mkubaliane mapema nani analipa. Deni lake lisimame kwenye karatasi nyingine: mkataba wa deni, tarehe za kulipa, na mdhamini, ikiwezekana mtumishi mwenzenu ambaye mshahara wake unajulikana unaingia lini. Kadi ya pikipiki si rehani nzuri. Inakubana wewe kuliko inavyombana yeye.

Kwenye mkataba andikeni tarehe ya makabidhiano pamoja na saa. Watu wananicheka kwa hilo la saa. Mimi niliyekaa benchi la kituo siku tatu sicheki. Kabla ya hapo, angalia kwa namba ya pikipiki kama kuna deni la faini za barabarani. Mume wako pia ameiendesha, huwezi jua. Lipa lako, apokee namba safi. Bima yako usimwachie aendeshe nayo kwa mazoea, naye akakate yake.

Upande wa kununua, jambo moja dogo linalosahaulika: leseni. Angalia daraja. A1 ni ya pikipiki ndogo, chini ya cc 125, na XL yako ya 124 inaingia humo. XR150L ni cc 149. Kama leseni yako haina daraja A, lishughulikie kabla ya kulipia pikipiki. Ukisubiri, siku ya kujua itakuwa ile unaposimamishwa Nala na mtoto mgongoni.

Halafu usinunue kwa kuijaribu lamini tu. Duka lolote litakupeleka kwenye lami nyoofu, upepo usoni, stata ya umeme unagusa kwa kidole gumba, breki ya diski mbele, tenki la lita 12. Utasema naam. Mimi nataka uiazime au uikodi kwa mtu siku nzima, uende nayo mpaka nyumbani kwako, kile kipande cha mwisho cha kutoka lami hadi mlangoni. Tairi lake la mbele ni inchi 19. Ina kilo kama 129, na uzito huo utausikia kwenye mchanga. Mara ya kwanza utadhani imeharibika, itayumba kichwa pale ambapo XL ilikuwa inapita kama kwenye reli. Utakasirika, utasema fundi kanidanganya. Haijaharibika. Kaa nyuma kidogo, usiibane mikono, toa mafuta kwa utulivu, utaizoea. Lakini ni vizuri ukajua mapema kwamba hupandi daraja katika kila kitu. Kwenye lami unapata breki, taa na pumzi. Kwenye korongo unarudi nyuma hatua moja. Watu wengi huchukia pikipiki mpya miezi ya kwanza kwa sababu walitarajia iwe ile ya zamani pamoja na nguvu.

Breki ya diski izoee polepole vilevile, mguu na mkono wako vimefundishwa na ngoma. Ukiishika mbele kwa nguvu uliyozoea kuitumia kwenye XL, kwenye changarawe itakulaza. Fanya mazoezi uwanjani, Jumamosi moja, watoto wakuangalie wacheke. Kilomita 1,000 za kwanza usiikimbize, na oili ya kwanza imwage bila kuionea huruma. Ile ina vumbi la chuma la injini kujisugua.

Sasa lile la tatu, kubaki nazo zote mbili. Wanaonipa wazo hilo huwa naliona limetoka moyoni na linaishia kwenye kutu. Uliandika "niiache ukumbini" kama unayeongelea kabati. Pikipiki iliyosimama haipumziki, dada. Petroli iliyobaki kwenye bakuli la kabureta inakauka na kuacha gundi inayoziba jeti. Tenki lisilojaa linaota kutu kwa ndani. Klachi zinagandana. Sili za shokapu mbele zinakauka, siku ukiigusa oili inateremka mguuni mwake. Tairi zinapasuka ubavuni kwa joto letu hili. Na panya! Panya wa Bahi wanapenda boksi la filta kuliko ghala. Nimetoa humo viota vyenye nyuzi za mkeka na punje za mtama. Kuna mtu alinipigia simu kwa fahari kwamba ameitunza pikipiki ya baba yake miaka sita ndani ya nyumba, haijaguswa na mtu. Nilipofika sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba kuiazimisha kwa jirani kungeitunza zaidi. Kama ungekuwa na mtu wa kuiendesha kila wiki, mume wako labda, ningesema baki nazo zote. Lakini umeniambia pengo la fedha linazibwa na hii, kwa hiyo tusidanganyane.

Kitu kimoja kitakuuma baadaye na sitaki kikukute hujajiandaa. Utaiona. Utakuwa Bahi Jumamosi, utaisikia kabla hujaiona, utaijua kwa sailensa yake. Itapita na tope la wiki mbili, indiketa moja imening'inia, na kijana amekaa vibaya, magoti nje kama anaendesha punda. Usimpigie simu. Mfundishe kila kitu siku ya makabidhiano: kuangalia oili kila asubuhi ya Jumatatu kabla ya kiki, kuosha filta ya sponji na kuirudishia oili yake, maana vumbi letu likipita hapo linasaga ringi kama sandipepa. Mwandikie kwenye daftari kama ulivyomwandikia mfugaji ratiba ya chanjo. Baada ya hapo ni yake, na ana haki ya kuikosea.

Miaka mingi nyuma nilikuwa mnada wa Msalato, nimefuata nyama kama watu wote. Mzee mmoja wa Kigogo alikuwa ameuza dume lake, fedha zimeshahesabiwa na kukunjwa kwenye shuka. Mnunuzi akashika kamba kuondoka. Mzee akamzuia, akaifungua ile kamba shingoni mwa ng'ombe taratibu, akaizungusha mkononi, akaiweka begani. Mnunuzi akatafute kamba yake. Hakuna aliyeshangaa isipokuwa mimi. Ng'ombe alikuwa anauzwa, kamba haikuwamo kwenye bei.

Kwa hiyo chagua kamba yako kabla mnunuzi hajafika, na uitaje kwenye mkataba ili isije ikawa ugomvi. Kama kile chuma cha nyuma ulichofungia kikasha cha chanjo kilichomelewa maalumu kwa ajili yako, kitoe, kijana achomelewe chake. Nikikiona naweza kukuambia kama kitakaa kwenye XR kwa kuongeza mabano mawili. Nadhani kitakaa.

Njoo nayo gerejini Jumatatu ukitoka Bahi, mapema, injini ikiwa ya moto nisikie cheni ya taiming, halafu uiache ipoe kabisa kabla sijapima valvu. Njoo na kadi ya asili, na ule ufunguo wa pili ambao najua uko kwenye kikombe mahali fulani kabatini. Na mwambie kijana wa kata aje saa nne. Nataka nimwone anavyopiga kiki.